Visu Kumi na Kimoja vya Ba Esnart

Nchelenge, siku ya Mungu, tarehe 12 Januari 2025

Bwana yangu Parfait,

Nimeandika "bwana yangu" halafu nimesimamisha kalamu ili niyaangalie vizuri maneno haya mawili. Siku kumi na tano tu tangu tutoke mu kanisa, na tayari Félix amekubeba mu bwato yake kwenda Chisenga! Asubuhi nilipika chai ya watu wawili. Nilikunywa vikombe vyote viwili, na kile chako kilikuwa kitamu kupita changu.

Najua kule ku kambi ya wavuvi hakuna rezo ya simu, na simu yako ilishakunywa maji ya ziwa Mweru. Haidhuru. Tulipendana kwa barua, na mimi ninaupenda mwandiko wako, hata ile "p" yako yenye inainama kama mutu anayetafuta kitu chini.

Sasa sikiliza. Sijasahau maneno uliyoniambia ku kivuko mbele ya watu wote: "Aurélie, kama mbele ya ile siku ya ziwa kufunguliwa, tarehe moja mwezi wa tatu, tunapata kazi ya kutulisha sisi wawili hapa ku nyumba, sirudi tena ku kambi. Tukikosa, nitakaa kule miezi tisa." Miezi tisa! Na ile kambi ni ya wanaume tu, bibi hawezi kulala kule hata usiku mumoja. Nilirudi ku nyumba nikihesabu miezi tisa ku vidole, na vidole vyangu vilikataa.

Ile kazi nimeiona, sheri, mupenzi wangu. Wakati huu ziwa limefungwa, hakuna ruhusa ya kuvua, kila mutu yuko mu shamba, na majembe yao ni butu kama vijiko. Muzee aliyekuwa ananoa ku soko amehamia Mununga kwa binti yake. Hakuna mutu mwingine! Na mimi ni mutoto wa nani? Baba yangu alinoa mapanga na visu vya jirani wote kule Pweto, na mimi ndiye niliyekuwa ninamwaga maji ku jiwe lake tangu nikiwa na miaka saba.

Uliacha mbao za bwato ya zamani nyuma ya nyumba. Nitazitengenezea meza ya kunolea. Sitanunua kitu kikubwa. Utaona!

Bibi yako (ndiyo, bibi yako!),
Aurélie


Chisenga, tarehe 17 Januari 2025

Bibi yangu Aurélie,

Félix alinipa barua yako mbele ya wanaume wote. Yaya Apollinaire, kaka yangu mukubwa, akainusa, akasema: "Hii si barua, ni sabuni." Tangu siku ile wananiita Bwana Sabuni. Sijali.

Hapa tunaziba matundu ya bwato kwa pamba na lami, na tunashona nyavu. Mikono yangu ni myeusi, usishangae kuona alama za vidole ku karatasi.

Wazo lako ni zuri. Zitumie zile mbao, ni ngumu na zinajua maji. Lakini fikiri hivi: jembe linanolewa mara moja, mutu anaenda nalo mu shamba, humuoni tena mwezi muzima. Kazi ya kweli ni visu vya wanawake wanaopasua samaki ku kivuko. Musimu ukifunguliwa, kile kisu kinaomba makali kila siku. Mukubwa wao ni Ba Esnart. Yeye akisema ndiyo, wote wanasema ndiyo. Akisema hapana, hata muke wa pasta hatakuletea kisu chake. Mubanga, bwana wa binti yake, analala hapa mu nyumba moja nami, na hata yeye anamuogopa.

Yaya ni kaka yangu, lakini ku bwato ni patron, ni yeye anaamuru. Anataka jibu mbele ya tarehe kumi mwezi wa pili: nafasi yangu mu bwato ni yangu, ao atampa mutu mwingine.

Kitu kingine. Ulinifungia mizigo vizuri sana, lakini sioni mukaba wangu, ule mweusi wa harusi. Suruali inashuka. Umupe Félix aniletee.

Wako,
Parfait


Nchelenge, tarehe 26 Januari 2025

Mupenzi wangu, Bwana Sabuni,

Meza imesimama! Nimeizunguka mara tano nikipiga makofi, na kuku wa jirani wamekimbia.

Acha nikuonyeshe kama vile uko hapa. Nimeipima kwa mwili wangu: urefu wake unafika ku kiuno, ili mutu anoe akiwa amesimama, mugongo usilie. Miguu nimeizika mu udongo na mawe, haitikisiki hata ukiisukuma. Upande wa kuume nimeweka jiwe la muchanga lenye nilichagua ku maji, nikalisugua na jiwe lingine mpaka likanyooka. Juu yake inaning'inia kopo ya maziwa yenye tundu moja la musumari. Inaangusha tone, inangoja, inaangusha tone. Sasa siombi mutoto wa mutu animwagie maji kama baba alivyoniomba mimi!

Upande wa kushoto kuna kipande cha kioo, kutoka kabati yenye ilivunjika ku nyumba ya mwenye kutupangisha. Kioo ni sawa kupita mbao yoyote. Ninalowanisha karatasi ya musasa, ninaibandika juu, inashika yenyewe. Kati kuna vipande vya mupira wa gurudumu la baiskeli, vya kufunga jembe lisirukeruke. Na nimechonga kabari mbili kutoka kasia yako yenye ilipasuka. Unalaza kisu juu ya kabari, na kinainama vilevile mara ya kwanza na mara ya mia. Baba alifanya hivyo kwa macho tu, mimi sina macho ya baba. Ku mwisho kabisa nimepigilia kipande cha ngozi nyeusi, nzuri sana, laini sana, yenye nilipata hapa hapa ku nyumba. Kisu kikipita ku ngozi ile kinakata unywele!

Majembe ishirini na mbili, Parfait. Mapanga tisa. Mutu mumoja alileta shoka la babu yake, akarudi nalo amelikumbatia kama mutoto.

Na jana, umesimama ao umekaa? Kaa. Jana Ba Esnart mwenyewe alikuja. Alileta beseni ya visu kumi na kimoja, vya wanawake wote wa kikundi chake. Alisema: "Mwana wa Kongo, tunataka kuona." Niliipokea kwa mikono miwili kama siku ya pete.

Juu ya mukaba: uliandika kitu juu ya mukaba? Karatasi ilikuwa imelowana pale, sikusoma vizuri.

Wako mwenye vidole vyeusi pia,
Aurélie


Chisenga, tarehe 31 Januari 2025

Aurélie wangu,

Félix anafunga barua mu plastiki mbili kama mutu anayefunga sukari. Haziwezi kulowana. MUKABA.

Nimewasomea watu wa kambi ile habari ya kopo yenye inaangusha tone. Yaya Apollinaire aliweka wavu wake chini, akaniambia nirudie. Kwake yeye ile ni sifa kubwa.

Niambie haraka, Ba Esnart alisema nini juu ya visu vyake? Tarehe kumi inakuja.

Parfait


Nchelenge, tarehe 4 Februari 2025

Sheri,

Ninaandika haraka, Félix anapiga honi ku maji.

Visu vya Ba Esnart nilivimaliza vyote. Kila kimoja kilikata unywele. Ninakuambia kivuko kizima kinaongea juu ya ile kazi, kila mwanamuke, hata wale wasionijua. Nikipita ku soko wanageuka kuniangalia.

Usiwe na wasiwasi. Kula vizuri. Ninakupenda mpaka Mununga na kurudi kwa miguu.

Aurélie


Chisenga, tarehe 9 Februari 2025

Bibi yangu,

Jana nilienda kwa yaya Apollinaire. Alikuwa amekaa juu ya bwato yenye imegeuzwa, anaonja lami kwa kidole kama vile ni asali. Nikamwambia: "Yaya, nafasi yangu umupe mutu mwingine. Ninarudi ku nyumba."

Akaniuliza: "Kwa sababu ya meza?"

"Kwa sababu ya mutu mwenye alitengeneza meza."

Akacheka, akasema mapenzi ya mwezi mumoja yananukia sabuni, ngoja yanuke samaki. Halafu akamuita kijana mumoja kutoka Chienge, akamupa kasia yangu. Imekwisha. Kama ningetaka kuirudia leo, haiko tena.

Nitamaliza kuziba bwato mbili zenye zinabaki, kisha nitakuja mbele ya ziwa kufunguliwa. Wewe utanoa, mimi nitachonga mipini. Ninajua kuchonga, unajua.

Suruali sasa ninaifunga na kamba ya wavu.

Bwana yako,
Parfait


Nchelenge, tarehe 12 Februari 2025

Parfait,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nimekaa chini, mu vumbi.

Nilikudanganya. Hapana, kila neno nililoandika lilikuwa la kweli, na ile ndiyo ubaya wake. Kivuko kizima kinaongea juu ya kazi yangu. Sikukuambia wanasema nini.

Siku nilipomaliza, Ba Esnart alileta samaki wa bwawa la shamba ili ajaribu. Wanawake sita walikuja kuangalia. Akaweka kisu ku mugongo wa samaki, akavuta. Badala ya kuteleza juu ya mufupa, kisu kikaingia mu mufupa. Akavuta tena, kikaingia tena. Ile samaki ilitoka vipande vipande, kama vile imeanguka chini ya gurudumu. Akachukua kisu cha pili, cha tatu. Vyote vilevile.

Akainua kisu ku jua, akakigeuza upande huu na upande ule. "Awe!" akasema. "Mwana wa Kongo, umenoa pande mbili! Hiki ni kisu cha kukata gato, ile keki ya harusi yako. Mimi sipasui gato, mimi ninapasua samaki, ninapasua makobo!"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Sasa nikipita wanasema: "Gato inapita."

Kumbe wao wananoa upande mumoja tu. Ule mwingine unabaki sawa kabisa, ndio unateleza ku mufupa. Baba yangu kule Pweto alikuwa ananoa kwa ajili ya nyama na muhogo, pande mbili siku zote. Nilifanya alivyonifundisha, na nilifanya kwa bidii, Parfait, ndiyo sababu vimeharibika vizuri hivi. Mutu muvivu angeviharibu nusu tu.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa na haya. Nilitaka utabasamu siku chache zaidi. Na sasa umetoa kasia yako kwa sababu ya tabasamu lile. Nimekukosea.

Na mukaba. Ile ngozi nyeusi, laini sana, yenye nilipata hapa ku nyumba: ni mukaba wako wa harusi. Umepigiliwa misumari mine. Niliukata mbele ya kufikiri, halafu nikafikiri, halafu ikawa imechelewa.

Sasa umejua vyote. Kesho asubuhi nitabeba beseni ile ku kichwa mpaka kwa Ba Esnart. Anifukuze, ao anifundishe. Mbele ya tarehe moja visu vile vitakuwa vimepona. Kama hapana, wanawake watatuma visu vyao kwa muzee kule Mununga, na wewe utakuwa umetoa nafasi yako bure.

Nisamehe ukiweza. Uandike, hata mustari mumoja wa hasira.

Aurélie


Nchelenge, tarehe 21 Februari 2025

Parfait wangu,

Félix amekuja mara mbili na mikono mitupu. Sijui kama umekasirika ao unagonjwa. Nitaandika tu, kwa sababu kuna mambo yenye yanajaa mu kifua changu na hakuna mwingine wa kuyapokea.

Nilienda. Nilipiga magoti ku mulango wa Ba Esnart, nikapiga makofi polepole kama wanawake wa hapa, nikasalimia kwa Kibemba changu chenye kuvunjika: "Mwapoleni mukwai." Alikuwa anapepeta mihogo. Hakunijibu mpaka alipomaliza. Magoti yangu yalikuwa yanawaka moto.

Akauliza: "Umeleta gato?"

Nikamwambia: "Ndiyo mama, nimeleta zote kumi na moja. Ninataka unionyeshe jinsi ya kuzifanya ziwe visu tena."

Akaniangalia. Kisha akaingia mu nyumba, akatoka na kisu cha mama yake, chembamba kama jani kwa kunolewa miaka mingi. Akakilaza ku mukono wangu. "Huu upande ndio unalala ku mufupa, kama mutoto anavyolala ku mugongo wa mama. Usiuguse. Unanoa huu mwingine. Ule wa mutoto unaulaza tu kidogo, sawa kabisa, kuondoa uchafu wa makali. Basi."

"Na hivi vyenye nimeharibu?"

"Hivyo, mwanangu, ni jasho."

Alisema "mwanangu"!

Sheri, ni jasho kweli. Lazima kukula chuma cha upande ule mpaka makali ya pili yapotee na upande uwe sawa tena. Ku jiwe peke yake nisingeweza. Lakini tuna kioo! Ninalaza kisu chote ku musasa juu ya kioo, ninasukuma na viganja viwili, ninageuza karatasi, ninasukuma. Kisu kimoja kinachukua asubuhi nzima. Siku ya tatu Ba Esnart alikuja "kupita tu". Akakaa ku ndoo, akaangalia kile kioo muda murefu. Akauliza: "Hiki kitu kinanyoosha sawa hivi kila mara?" Nikamwambia ndiyo. Akasema mama yake angekipenda. Tangu siku ile anakuja kila siku, analeta karanga, na ananiambia mambo ya bwana wake yenye siwezi kuandika hapa.

Ili nisikosee tena, nimechukua ile rangi ya kucha nyekundu ya harusi. Kila kisu nimekitia tone moja ku mupini, upande wa kunoa. Upande usio na tone ni wa mutoto. Nimebakiza kabari moja tu ku meza, ile ingine nimetupa mu moto.

Visu tisa vimepona. Vimebaki viwili na siku nane.

Parfait, hata kama umekasirika, kuja ukiwa na hasira. Nitaipikia chai.

Aurélie


Chisenga, tarehe 26 Februari 2025

Aurélie,

Hakuna hasira. Yaya Apollinaire alinituma Mununga kutafuta mbao, upepo ukatushikilia kule wiki nzima na zaidi. Nimerudi jana, nimekuta barua zako mbili chini ya kikombe changu. Nimezisoma, halafu nimemusomea Mubanga ile ya gato, kwa sababu anastahili.

Sasa mimi pia nina kitu nilichoficha.

Tarehe sita Mubanga alirudi hapa kutoka Nchelenge, anacheka mpaka machozi. Alitueleza wote, mbele ya moto wa lami: samaki vipande vipande, visu vya gato, vyote. Kambi nzima ilijua. Yaya Apollinaire alijua. Mimi nilijua, siku mbili mbele ya kutoa nafasi yangu.

Nilimuuliza Mubanga kitu kimoja tu: "Vile visu, vilikuwa havikati?"

Akasema: "Havikati? Vilikata mpaka mufupa! Mama mukwe anasema hajaona makali kama yale tangu azaliwe."

Nikafikiri: basi bibi yangu anajua kunoa. Kilichobaki ni upande. Upande mutu anafundishwa kwa siku moja. Kutengeneza ile kopo ya tone hakuna mutu aliyekufundisha. Nikaenda kwa yaya, nikatoa kasia.

Sikukuandikia kwamba ninajua, kwa sababu nilitaka uniambie mwenyewe. Na umeniambia. Ile barua ya tarehe 12 nimeiweka mu shati, upande wa kushoto.

Ninakuja tarehe 28 na bwato ya Félix. Unitambue ku kivuko: mimi ni yule mwanaume mwenye mukono mumoja uko ku suruali na mukono mwingine umeshika mufuko. Mu mufuko kuna visu thelathini na nne. Ni vya kambi nzima. Yaya Apollinaire ameweka chake juu kabisa, na amesema kama hakirudi na tone jekundu, hatakipokea.

Parfait


Nchelenge, siku ya Mungu, tarehe 2 Machi 2025

Bwana yangu,

Barua hii haitapanda bwato. Nitaiweka chini ya kopo ya tone, na utaikuta ukirudi kutoka kwa Ba Esnart kurudisha beseni yake. Najua jana uliona vyote kwa macho yako. Lakini ndoa yenye ilianza kwa barua isiache barua siku furaha inapofika. Na wewe uliona ukiwa umeshika suruali, labda kuna vitu vilikupita.

Uliona bwato za kwanza zikiingia asubuhi, na watu wakiimba? Uliona Ba Esnart akikunja kitenge chake, akichagua makobo yenye ni kubwa kupita zote, na wanawake wote wakisogea kuona kama gato itakata? Aliweka kisu ku mugongo. Hakuvuta, Parfait, alikisukuma tu kama mutu anayefungua mulango wa nyumba yake. Kikateleza kutoka kichwa mpaka mukia, na samaki ikafunguka pande mbili kama kitabu, mufupa umebaki mweupe, hauna nyama hata kidogo.  

Ba Esnart akainua samaki ile juu, akageuka kwa wale wenye walikuwa wananiita Gato. Akasema: "Mwenye kucheka alete kisu chake tuone."

Na walileta! Kumi na kimoja, halafu ishirini, halafu sikuweza kuhesabu tena, vingine vilitoka upande wa pili wa kivuko kwa wanawake wenye sijawahi kuwaona. Walisimama mustari mpaka ku barabara. Uliacha kuchonga mupini ukaanza kutia matone mekundu, ulimi wako nje ya mudomo kama mutoto wa shule, na chupa ya rangi ikaisha saa sita. Yule mwanamuke mwenye alicheka kupita wote aliniuliza kama nitafanya kazi kesho pia. Nikamwambia: "Kesho, na kesho kutwa, na mwezi wa kumi na moja. Sisi wawili tuko hapa."

Samaki yetu ya jioni ilikuwa ile ile ya Ba Esnart. Uliikula hata macho.

Mukaba wako utabaki ku meza. Nimejaribu ngozi ingine, haifanyi vile. Jumanne nitakutafutia mupya ku soko, na ule hautaguswa na musumari, ninaapa.

Kitu cha mwisho. Leo asubuhi, mbele ya saa moja, Félix alisimama ku mulango akielekea Chisenga, akaniuliza kama alivyozoea: "Mama Aurélie, kuna barua ya kule?"

Nikamwambia: "Hapana, Félix. Kule sina mutu."

Bibi yako,
Aurélie